Pikapu Iliyobeba Barua Zetu

Obunga, Kisumu
Jumapili, 23 Februari 2025

Kwa owadwa Joram, ndugu yangu wa tumbo moja,

Nakusalimu kutoka huku kwenye moshi wa mafuta. Sisi tuko, na Mungu wetu Nyasaye yuko. Mama anaendeleaje na magoti yake? Mwambie ile dawa ya kupaka isichanganywe na mafuta ya taa, maana namjua. Ng'ombe amezaa? Huku biashara ya mgongo wazi inasonga. Jana nimekaanga mifupa ya samaki aina ya mbuta beseni mbili, na giza likiingia hakuna hata mkia uliobaki. Baba Wendy bado yuko Naivasha kwenye maua, anapiga simu kila Jumapili.

Wewe nimekupigia mpaka nimechoka. Yule mwanamke wa mtambo ananiambia tu hupatikani. Ndiyo nimeshika kalamu. Kaa chini kwanza.

Wendy aligongwa na gari. Yuko hai. Narudia, yuko hai, na anaongea kuliko mimi. Ilikuwa Jumatatu tarehe kumi, ile siku ulisema utakuja. Alitoka shule, akala, akaniambia, "Mama, naenda kumngoja mjomba kwa barabara." Nikamwambia asivuke. Na hakuvuka, Joram. Alisimama pembeni kabisa, pale kwa fundi wa viatu, kwenye barabara ya kwenda viwandani. Gari ikamfuata huko huko pembeni. Pikapu nyeupe, watu wanasema. Haikusimama. Mguu wa kushoto umevunjika juu ya goti. Sasa yuko wodini, mguu umevutwa juu na kamba, na anamuuliza daktari kama anataka kumuanika.

Wewe hukufika siku hiyo. Mimi nasema pengine ni Mungu alikuzuia usione.

Nilienda polisi nikaripoti. Askari akauliza, "Namba ya gari?" Nikamwambia ilikimbia. "Sasa Mama, tumshike nani? Barabara?" Lakini aliandika, akanipa namba ya OB, ile ya kitabu chao cha matukio. Karatasi nimeiweka ndani ya Biblia.

Barua hii nimempa Wechuli, dereva wa hiyo pikapu yenu ya samaki, si ndiye siku zote anatubebea mizigo. Aliishika bila kuniangalia usoni. Nikamwambia achukue hata soda, akasema amechelewa. Mwambie tajiri wenu Mama Milka asiwakimbize watu hivyo.

Nimalizie hapo, mafuta yameshika moto.
Dada yako, Bridget


Asembo Bay
19 Machi 2025

Nyaminwa Bridget,

Dada yangu, barua nimepata. Mama yuko sawa. Magoti ni yale yale, na mafuta ya taa anachanganya. Ng'ombe alizaa dume. Mvua imegusa kidogo, tumepanda upande wa juu.

Simu yangu ilianguka majini nikishusha kreti. Bado sijanunua nyingine.

Pole sana kwa mtoto. Pole sana. Mpe hizo dagaa za omena ninazotuma, nimezianika mwenyewe, hazina mchanga.

Mambo ya polisi naona uyaache. Gari ikishakimbia imekimbia. Mfupa wa mtoto hushika haraka. Wewe kaa karibu naye.

Kitu kimoja. Usimpe Wechuli barua tena. Mpe yule mama wa mitumba anayekuja soko la huku kila Alhamisi.

Mimi, Joram


Obunga
Jumapili, 30 Machi 2025

Kwa owadwa Joram,

Salamu zikufikie wewe na mama na huyo dume mpya. Mtafutieni jina, asije akaitwa Dume mpaka azeeke. Omena zimefika. Gunia zima! Nani amekuambia nalisha jeshi? Wendy alikula bakuli mbili akasema ziko na macho mengi.

Wechuli amekukosea nini? Mimi namuona mtu mpole. Wiki jana gari yenu imepita hapa, kumbe mmeipaka rangi. Bluu imeipendeza. Nilimpungia mkono, hakuniona.

Sasa nisikize, maana mimi siachi. Ulisema niache, nimesoma, nimekunja, nimeweka.

Pale wodini kuna mtu wa tai nyekundu anazunguka na mafomu. Akaniambia, "Mama, weka sahihi hapa tu, mambo ya gari mimi nitamaliza." Nikamuuliza, "Wewe ni wakili?" "Niko karibu na wakili." Nikamwambia, "Hata mimi niko karibu na daktari, lakini sipasui mtu." Wodi yote ikacheka, hata yule nyanya wa kitanda cha dirishani ambaye alikuwa hajacheka tangu Krismasi. Baadaye nesi akanivuta kando. Ati hao hukusainisha, kisha haki ya mtoto wako ikitoka inapitia kwao, na haifiki kwako. Akanielekeza ofisi ya msaada wa sheria, karibu na korti. Hawatozi kitu.

Huko nimekutana na msichana wakili anaitwa Waithira. Ni mdogo kwangu, kwao ni Nyeri, lakini ananiita Mama Wendy kwa heshima kabisa. Amenielezea vizuri, na mimi nakuandikia vile nimeelewa. Kila gari Kenya hii lazima iwe na bima ya kulipa mtu wa nje inayemgonga. Si ya mwenye gari, ni ya huyo anayelala chini. Hata dereva akikimbia, bima haikimbii. Na kama gari ilikuwa kazini, mwenye gari anajibu kwa ajili ya dereva wake. Polisi wanakupa fomu ya P3, daktari anajaza vile mtoto ameumia. Hiyo tayari ninayo. Halafu kuna karatasi ya abstract, ya kuonyesha gari ni gani na bima yake ni ya nani.

Hapo ndipo nimekwama. Bila namba, abstract inatoka na nafasi tupu. Nikamuuliza Waithira, kwani hakuna mfuko wa watu waliogongwa na gari isiyojulikana? Akasema nchi zingine ziko nao, hapa kwetu hakuna. "Lazima tuipate hiyo gari, Mama Wendy." Nikamwambia tutaipata. Pikapu si sindano.

Wewe unatembea na pikapu za samaki kutoka huko mpaka viwandani. Waulize madereva wenzenu.

Dada yako, Bridget


Obunga
Jumapili, 4 Mei 2025

Owadwa,

Mama wa mitumba ameniambia alikupa barua yangu mkononi, na ulipoulizwa jibu ulisema kesho. Hiyo kesho imekuwa wiki tano. Mama ni mgonjwa? Kama ni mahindi yamekauka sema, hata huku mvua imetuchezea.

Wendy ametoka hospitali. Nyumba imejaa kelele, nashukuru. Lakini mguu umeshika vibaya. Mfupa umepanda juu ya mwenzake, na mguu wa kushoto sasa ni mfupi. Anatembea kama mtu anayeshuka ngazi ambayo sisi hatuioni. Watoto wamemuita Ngazi. Alirudi akaniambia, "Mama, nimewaambia nikitengenezwa nitawapita wote mbio." Daktari anasema inawezekana. Wafungue, wanyooshe, waweke chuma. Ila isichelewe, maana mtoto anakua na mfupa unakua na makosa yake. Upasuaji huo mimi na Baba Wendy tukiuza hata kitanda hatuufikii. Kadi ya serikali imebeba sehemu, sehemu kubwa imebaki. Ndiyo maana naitafuta hiyo gari. Sitafuti mtu wa kufunga. Natafuta mguu wa mtoto wangu.

Na nimepata kitu! Fundi wa viatu amerudi kutoka kwao Busia, alikuwa ameenda matanga siku ya pili yake, akabaki huko kulima. Yeye aliona. Namba hakushika, anasoma kwa shida, lakini anasema nyuma ya pikapu kulikuwa na mtu amekaa juu ya makreti. Gari ilipomgonga Wendy, huyo mtu alisimama akaanza kupiga paa la gari kwa mkono, anapiga, anapiga, mpaka gari ikapotea kwenye kona.

Joram, nampenda huyo mtu. Simjui, lakini namuombea kila nikilala. Waithira anasema huyo ndiye shahidi wetu. Akijitokeza yeye peke yake, kesi imesimama.

Nijibu, hata mstari mmoja.
Bridget


Asembo Bay
22 Mei 2025

Nyaminwa,

Mama ni mzima. Mahindi yako magotini.

Huyo mtu unayemuombea, acha kumuombea. Ni mimi.

Nilikuwa nyuma ya gari siku hiyo kwa sababu nilikuwa nakuja kwenu vile nilivyosema. Wechuli alikuwa anakimbiza barafu isiyeyuke. Akapita gari lingine upande wa vumbi. Nilisikia pu! Nikageuka, nikaona mtoto amelala, sweta ya kijani. Naapa kwa kaburi la baba sikujua ni Wendy. Sweta hizo wanavaa watoto wengi. Nilipiga paa mpaka mkono ukavimba. Hakusimama. Tulipofika kiwandani akaniambia, "Ni mbuzi." Nikamwambia mbuzi havai sweta. Akasema, "Joram, kama unataka kazi, ni mbuzi."

Nikashusha samaki. Nikarudi nyumbani na gari hiyo hiyo. Sikuja kwako kwa sababu sikutaka kupita pale.

Barua yako ya kwanza Wechuli ndiye alinipa kwa mkono wake. Niliisoma nimekaa kwenye kiti cha mbele, na yeye anaendesha. Nilipofika pale ulisema Wendy alitoka kuningoja mimi, niliikunja. Sikuimaliza mpaka siku ya pili. Simu haikuanguka majini. Niliizima siku ile ile, nisiulizwe kwa nini sikufika.

Mama Milka hajui. Wechuli alimwambia amegonga ng'ombe, akaomba gari ipakwe rangi kuficha mikwaruzo. Nilifikiri nikisema, gari itachukuliwa, na sisi watu kumi na wawili hapa ufuoni tunakula kwa gari hiyo. Nilifikiri hivyo kila siku. Halafu nikawa nakutumia omena.

Namba ya gari nimeandika nyuma ya karatasi hii, na namba ya kitambulisho changu, na sahihi. Fanya nayo unavyotaka.

Joram


Obunga
29 Juni 2025

Joram,

Leo sikuulizi habari za mama.

Nimekaa na barua yako mwezi mmoja na zaidi. Si kwamba sikuwa na la kusema. Nilikuwa nikianza naandika matusi, nachana, na karatasi zinauzwa.

Kugonga ni Wechuli. Kukimbia ni Wechuli. Wewe ulipiga paa, nimekubali. Lakini baada ya kujua ni Wendy, ulichukua kalamu ukaniandikia, "Gari ikishakimbia imekimbia." Ulinishauri nilale. Hiyo inaniuma kuliko gari. Kila gunia la omena nilikuwa namwambia Wendy, ona vile mjomba anakupenda.

Basi. Kazi iko mbele.

Barua yako nilimpelekea Waithira wiki ile ile, hata kabla hasira haijaisha. Alitafuta namba kwenye rekodi za serikali. Gari iko kwa jina la Mama Milka, na kwa rekodi bado ni nyeupe. Hiyo rangi ya bluu haikuandikishwa popote. Sasa hata rangi inatoa ushahidi.

Alinieleza tena, na nakuandikia ili usiwe na kisingizio. Tukidai, bima ndiyo inalipa. Hatuchukui gari ya Mama Milka, hatuchukui chakula cha watu kumi na wawili. Kazi ya bima ni hiyo, na yeye huilipia kila mwaka. Ungeniuliza mwezi wa tatu ningekuambia, kwa sababu nilikuandikia yote. Mtoto hashtaki mwenyewe, kwa hiyo mimi mama yake nitasimama badala yake. Sheria inampa mtoto muda mrefu, hata awe mkubwa, lakini mguu haungoji. Na bima lazima ipate notisi mapema, isije ikasema haikuambiwa.

Barua peke yake haitoshi. Polisi wanataka miguu yako ndani ya ofisi yao na mdomo wako. Uliza sajini anayeitwa Walubengo, faili iko kwake. Mwambie Mama Milka kabla hujaenda, asisikie kwa askari. Hiyo ni heshima, usiniachie mimi.

Kama hutakuja, nitajua. Sitaandika tena.
Bridget


Asembo Bay
20 Julai 2025

Nyaminwa Bridget,

Hukuuliza, lakini mama amekuwa akilia. Nimemwambia yote. Alinirushia sufuria, haikunipata. Halafu akasema nikale.

Kwa Mama Milka nilienda asubuhi, akiwa kwenye mizani. Nikamwambia naomba tuongee kando. Akasema, "Ongea hapa hapa, samaki hawana masikio." Nikaongea hapo hapo. Watu wote waliacha kupima.

Akaniuliza, "Miezi mitano unapanda gari yangu, na unajua?"

Nikasema ndiyo.

"Na huyo mtoto ni wa nani?"

Nikasema ni wa dada yangu.

Alikaa juu ya kreti. Akasema, "Wuololo! Nilinunua rangi kwa mkono wangu. Mimi, mama wa watoto wanne, nilichagua na bluu yenyewe." Akamuita Wechuli. Wechuli alianza na ng'ombe, akamalizia na mbuzi. Mama Milka akatoa karatasi ya bima kwenye kibeti chake, akanipa nipige picha. Bima ilikuwa hai siku ile. Kisha akasema, "Joram, umefanya vizuri, na umechelewa. Kwa gari yangu usipande tena." Sikubishana.

Nilienda Kisumu siku iliyofuata. Walubengo aliandika kurasa tatu. Aliniuliza mara mbili kama nimelipwa na mtu niseme hayo. Nikamwambia nimefukuzwa kazi kwa kusema hayo. Akacheka kidogo. Wechuli alijipeleka mwenyewe Alhamisi. Ana kesi ya kugonga na ya kutosimama.

Nikitoka polisi nilitembea mpaka Obunga. Nilifika kwa fundi wa viatu. Niliona moshi wako. Nikarudi stendi.

Sasa nashona nyavu za watu. Sijambo.

Joram


Obunga
Jumapili, 17 Agosti 2025

Kwa owadwa Joram,

Mama hajambo? Mwambie sufuria asirushe tena, sufuria ni ghali. Huku tuko salama. Baba Wendy alikuja siku nne, akatengeneza paa, akarudi. Biashara ni nzuri, shule zimefungwa na watoto wanakula migongo kama mchwa.

Abstract imetoka, na haina nafasi tupu hata moja. Namba ya gari, jina la mwenye gari, jina la kampuni ya bima, yote. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za polisi kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Waithira alipeleka barua ya madai. Kampuni ikatuma mtu na utepe, akapima barabara, akapiga fundi wa viatu picha. Fundi alivua aproni kwanza. Wiki mbili baadaye wakajibu: gari ni yao, bima ilikuwa hai. Wametaja kiasi, Waithira amekikataa, anasema hicho ni cha kuonja maji. Kesi imefunguliwa ili wasilale. Mimi siogopi. Nimejua njia ya korti kuliko njia ya kanisa.

Na kubwa ni hili. Hospitali imekubali kupasua kabla kesi haijaisha, kwa barua ya wakili ya kuwahakikishia kwamba bima ikilipa wao ndio wa kwanza. Tarehe tuliyopewa ni pili Septemba, Jumanne, saa mbili asubuhi.

Nimemwambia Wendy ukweli. Nilifikiri nimfiche, nikaona kuficha kumetosha katika familia hii. Kisha akauliza, "Na mjomba aliponiona niko chini, kwa nini hakuruka?"

Swali hilo nimekataa kulijibu. Si langu. Ni lako, na anakungoja nalo.

Mimi bado sijamaliza kukukasirikia. Iko siku nacheka na wateja, halafu nakumbuka, mkono unasimama juu ya karai. Lakini kutoka hapa mpaka barabarani kuna matope, na magongo yake yanazama, na mimi mgongo umenichokea. Baba yake hatapata ruhusa.

Njoo Jumatatu tarehe mosi, ulale hapa. Usirudie stendi. Pita kwa fundi, piga kona, ingia. Na nakuomba usibebe kitu chochote, hata omena. Njoo mikono mitupu, kwa sababu asubuhi utambeba.

Dada yako,
Bridget